Nipange vipi wachezaji wa FPL kabla ya msimu kuanza?

"Tuko watu 14 ofisini, tunacheza FPL (Fantasy Premier League, mchezo wa kuunda kikosi cha wachezaji wa Ligi Kuu ya England kwa milioni za kuhesabia tu, na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani), kila mmoja anatoa 20,000 mwanzo wa msimu. Msimu uliopita nilimaliza wa 11. Safari hii nimeandaa orodha ya wachezaji 60. Nimechukua pointi walizopata msimu uliopita nikagawanya kwa bei, ili nijue nani ana faida zaidi kwa kila milioni. Tatizo, orodha inanitolea kikosi cha mabeki wa bei chee bila staa hata mmoja, na nikiingiza mastaa pesa inaisha. Halafu kuna hawa vijana wanaowaka kwenye mechi za kirafiki, bei milioni 4.5, kila mtu anawasema. Niwaweke wapi? Na kuna jamaa Telegramu anauza 'kikosi cha uhakika' kwa 15,000. Nimlipe?"

Nianze na la mwisho kwa sababu ndilo jepesi: usimlipe. Hakuna kikosi cha uhakika katika mchezo huu. Anachouza huyo jamaa ni majina 15 yatakayofanana sana na vikosi vya watu wengi wiki ya kwanza, na takwimu za nani amechaguliwa kwa asilimia ngapi unaziona bure ndani ya programu yenyewe. Akipatia atajisifu, akikosea atasema kocha ndiye aliyebadilisha mambo. Hiyo 15,000 nunulia bando.

Sasa orodha yako. Kukaa chini ukaandika majina 60 na hesabu pembeni ni zaidi ya wanachofanya wengi wa hao 13 unaoshindana nao. Umeteleza pawili tu, ila ndipo mzigo wote ulipo: umezichukua pointi za msimu uliopita kana kwamba ndizo za msimu ujao, na umegawanya kwa bei nzima badala ya kile kipande cha bei ambacho kweli uko huru kukiamua. Mifano nitakayotoa naichukua misimu ya nyuma kwa makusudi, ili usije ukamnunua mtu kwa sababu tu nimemtaja. Na kanuni ninazozitumia ni za msimu wa 2025/26. Waandaaji hurekebisha vitu karibu kila mwaka, kwa hiyo programu ikifunguliwa soma ukurasa wa kanuni kabla ya kugusa jina lolote.

Pointi za msimu mzima ni mchanganyiko wa vitu vinavyojirudia na vitu vilivyotokea tu. Vinavyojirudia ni dakika za uwanjani, nani anapiga penati na kona, mtu anapigia mashuti kutoka wapi, na timu yake inaruhusu nafasi ngapi. Visivyojirudia ni umaliziaji uliopitiliza, bonasi (pointi za ziada za waliong'ara zaidi kwenye mechi) za mechi chache, na msimu usio na jeraha hata moja. Mtazame Mohamed Salah. Msimu wa 2017/18 alianza kwa bei ya 9.0 akapata pointi 303. Msimu uliofuata bei ikapanda hadi 13.0, pointi zikashuka hadi 259, ambazo bado ni nyingi mno, lakini aliyemnunua kwa hesabu ya 303 alilipia kitu ambacho hakikurudi. Ikaja 2024/25, akavunja rekodi ya mchezo mzima kwa pointi 344, magoli 29 na asisti 18. Bei ya msimu uliofuata ikawa 14.5, na mapema Desemba 2025 alikuwa ameanzia benchi mechi tatu za ligi mfululizo. Bei hupangwa kwa kutazama nyuma. Ukipanga orodha kwa kutazama nyuma pia, utajikuta unawalipia watu kilele chao.

Chombo cha kukusaidia hapa ni xG, yaani magoli yanayotarajiwa. Kila shuti hupewa uwezekano wa kuwa goli kutokana na mahali lilipopigwa na mazingira yake, kisha yote hujumlishwa. Penati moja huhesabiwa karibu 0.79, shuti la nje ya boksi mara nyingi halifiki 0.05. Chris Wood wa Nottingham Forest alifunga magoli 20 msimu wa 2024/25, huku xG yake ikiwa takribani 13. Huyo si mchezaji mbaya hata kidogo, ila katika orodha ya msimu unaofuata unamhesabia magoli 13 au 14, siyo 20. Kuna wachache ambao kwa miaka mingi hufunga zaidi ya xG yao, hao waongezee kidogo. Mwenye msimu mmoja tu wa namna hiyo usimwongezee kitu. Takwimu za xG na xA, ambayo ni ya pasi za magoli, zimo ndani ya FPL ukibonyeza jina la mchezaji, hivyo huna haja ya kulipia popote.

Kabla ya xG, lakini, kuna dakika. Mchezaji akicheza dakika 60 au zaidi anapata pointi 2, chini ya hapo 1, na klinshiti, yaani timu kutoruhusu goli, haihesabiki kwake kama hajafika 60. Kuna mtego mwingine ambao watu hawauoni: mchezaji wa benchi lako huingia pale tu ambapo mtu wako hakugusa uwanja kabisa. Staa wako akiingizwa dakika ya 84, anakuletea pointi 1 na anamzuia mtu wa benchi aliyepata 8. Kwa hiyo mchezaji anayepumzishwa kila mara ni hasara maradufu. Linganisha wawili. Mmoja hupata wastani wa pointi 6 akianza, lakini anaanza mechi 6 kati ya 10, na nyingine anaingia kipindi cha pili na kuambulia 1.5. Wastani wake halisi ni 4.2. Mwingine hupata 4.8 akianza, na anaanza mechi 95 kati ya 100; hata ukihesabu kwamba akikosekana benchi lako linakupa 3, wastani wake ni 4.7. Wa pili ndiye wa juu kwenye orodha, ingawa wa kwanza ndiye anayepigiwa kelele mtandaoni. Klabu zinazocheza Ulaya katikati ya wiki ndizo zenye hatari hii zaidi, hasa kwa mawinga na mabeki wa pembeni. Makipa na mabeki wa kati hawaguswi mara nyingi. Usisahau kalenda ya mataifa pia: AFCON ya Morocco ilianza tarehe 21 Desemba 2025 na fainali ikawa 18 Januari 2026, maana yake wapo waliokosekana wiki kadhaa bila kuumia hata ukucha. Na kiangazi chenye Kombe la Dunia, waliofika hatua za mwisho hurudi klabuni wamechelewa, wakaanza ligi kwa kuingia dakika za mwisho.

Tuje kwenye bei, ambako ndiko orodha yako ilikogeuka kituko. Una milioni 100 kwa wachezaji 15: makipa 2, mabeki 5, viungo 5, washambuliaji 3, na si zaidi ya 3 kutoka klabu moja. Lakini ukinunua wa bei ya chini kabisa kila nafasi, yaani makipa na mabeki wa 4.0, viungo na washambuliaji wa 4.5, tayari umetumia 64. Hiyo haiepukiki. Kwa hiyo pesa yako halisi ya kuamua ni milioni 36 tu, na swali la orodha siyo "nani ana pointi nyingi kwa kila milioni", bali "kila milioni ninayoongeza juu ya bei ya chini inaninunulia pointi ngapi za ziada juu ya yule wa bei chee anayecheza". Ukigawanya kwa bei nzima, beki wa 4.0 mwenye wastani wa pointi 3 anaonekana ana 0.75 kwa milioni, na mshambuliaji wa 14.0 mwenye wastani wa 7 anaonekana ana 0.5. Fuata hesabu hiyo hadi mwisho, utapata kikosi cha pointi 33 kwa wiki na makumi ya milioni zimelala benki bila kazi. Nafasi za kuanza ni 11 tu. Huwezi kulipa pengo la pointi kwa kuongeza watu.

Hebu tufanye moja kwa ukaribu, maana ukielewa beki mmoja umewaelewa wote. Chukua beki wa kati wa 5.5 katika timu inayoruhusu wastani wa goli 1 kwa mechi. Uwezekano wa kutoruhusu goli kabisa ni karibu asilimia 37 (hii ni hesabu ya uwezekano ya kawaida tu). Klinshiti ni pointi 4 kwa beki, hivyo 4 mara 0.37 ni 1.48. Kila magoli mawili yakiruhusiwa anakatwa 1, na kwa timu hii makato hayo ni wastani wa 0.28. Dakika zinampa 2. Tuseme hufunga magoli 3 kwa msimu kwa vichwa vya kona: goli la beki ni pointi 6, hiyo ni 0.47 kwa mechi. Asisti 2 kwa msimu, pointi 3 kila moja, ni 0.16. Kisha kuna pointi za ulinzi zilizoanza 2025/26: beki akifikisha jumla ya vitendo 10 vya kuondosha hatari, kuzuia mashuti, kunasa pasi na kunyang'anya mpira, anapata 2. Akifanya hivyo mechi 3 kati ya 10, ni 0.6. Bonasi 0.3, kadi za njano tano kwa msimu zinatoa 0.13. Jumla ni 4.6.

Mchukue sasa beki wa 4.0 katika timu inayoruhusu magoli 2 kwa mechi. Klinshiti ni asilimia 13.5 tu, sawa na pointi 0.54. Makato yanafika 0.75. Lakini timu inayoshambuliwa muda wote humpa kazi nyingi, hivyo pointi za ulinzi anazipata nusu ya mechi, ambayo ni 1.0. Dakika 2, magoli na asisti 0.24, bonasi 0.15, kadi zinatoa 0.18. Jumla 3.0. Ndiyo maana kanuni hii mpya imewainua mabeki wa timu dhaifu: zamani hesabu hiyo hiyo ingeishia 2.0. Angalia tu kwamba ni kizingiti, siyo mizani. Vitendo 9 ni sifuri, 10 ni pointi 2, na 20 pia ni pointi 2. Beki wa vitendo 9 kila mechi anang'aa kwenye takwimu na hana anachokuletea. Kwa viungo na washambuliaji kizingiti ni 12, ila wao huhesabiwa pia mara wanazorejesha umiliki wa mpira, na hapo ndipo kiungo mkabaji, ambaye zamani hakuna aliyemtazama, alipopata thamani.

Sasa linganisha. Yule beki wa 5.5 anakupa 1.6 zaidi ya mbadala wake kwa milioni 1.5, sawa na 1.07 kwa kila milioni ya ziada. Kiungo wa 8.0 mwenye wastani wa 5.2, dhidi ya kiungo wa 4.5 mwenye 3.0, anakupa 2.2 kwa milioni 3.5, sawa na 0.63. Mshambuliaji wa 14.0 mwenye wastani wa 7, dhidi ya mshambuliaji wa 5.5 mwenye 3.2, anakupa 3.8 kwa milioni 8.5, yaani 0.45. Ukiishia hapo utasema staa ni ghali bure. Ila umesahau kitambaa. Nahodha hupewa pointi maradufu, na kama bila huyo staa ungempa unahodha kiungo wa 5.2, basi uwepo wake unakuongezea 1.8 nyingine kila wiki. Ziada inakuwa 5.6, na kila milioni inarudisha 0.66, juu kidogo ya yule kiungo. Hapo ndipo jibu la mgogoro wako lilipo: staa mmoja wa kuvaa kitambaa anajilipia, wa pili ambaye hatavaa kitambaa mara nyingi hajilipii. Erling Haaland alipoanza kwa 11.5 msimu wa 2022/23 na kufunga magoli 36, pointi 272, watu hawakumhitaji kwa pointi zake peke yake. Walimhitaji kwa sababu nusu ya washindani wao walikuwa wakizihesabu mara mbili.

Utauliza, kwa nini basi usijaze mabeki watano wa 5.5? Kwa sababu timu zinazoruhusu goli moja kwa mechi ni chache mno. Arsenal waliruhusu 29 msimu wa 2023/24 na 34 uliofuata, na hata kwao mwisho wako ni watu watatu. Upande wa pili wa mizani, Sheffield United waliruhusu 104 katika msimu huo huo wa 2023/24. Ukimnunua beki tazama kwanza nembo kifuani, jina mgongoni baadaye.

Orodha yako iandike upya hivi. Usipange watu 60 kwa mstari mmoja. Gawanya kwa nafasi, na ndani ya nafasi gawanya kwa makundi ya bei. Kwa kila mmoja andika bei, uwezekano wa kuanza, wastani wa pointi akianza, anapiga penati au kona, na ziada yake juu ya mbadala. Makadirio yafanye kwa mechi 6 hadi 8 za kwanza, si kwa 38, kwa sababu una uhamisho mmoja wa bure kila wiki unaoweza kulimbikizwa hadi mitano, na una Wildcard, karata ya kubadilisha kikosi kizima bila kukatwa pointi. Kisha wagawe kwa madaraja. Wawili waliopishana pointi 0.2 kwa mechi wako daraja moja, na hapo chagua kwa ratiba, kwa klabu ambayo bado ina nafasi kwenye watu wako watatu, au kwa bei tu. Kugombania nani wa tano na nani wa sita katika daraja moja ni kupoteza jioni.

Jambo moja linalostahili safu yake peke yake ni nafasi aliyoandikiwa mchezaji. Goli la mshambuliaji ni pointi 4, la kiungo 5, la beki 6, na kiungo anapata 1 ya klinshiti ambayo mshambuliaji hana. Mchezaji aliyeandikwa kiungo lakini anacheza karibu na goli na kupiga penati ni lulu. Bryan Mbeumo, wakati huo akiwa Brentford, alianza 2024/25 kwa 7.0, ameandikwa kiungo, akapewa penati baada ya Ivan Toney kuondoka, akafunga magoli 20. Dalili zote mbili zilikuwa wazi kabla hata ya Septemba.

Tufike kwa vijana. Hapa ndipo pesa ndogo hupotea kwa kishindo, na ndipo pia ligi hushindwa. Mechi ya kirafiki haikuambii kijana ana kipaji kiasi gani. Hilo kocha analijua tangu mwaka jana. Inakuambia kitu kimoja tu chenye maana: yuko kwenye kundi lipi la wachezaji. Akianza pamoja na mabeki na viungo wa kikosi cha kwanza, katika mechi ya mwisho au ya kabla ya mwisho kuelekea ligi, hiyo ni habari. Akifunga mawili dakika ya 75 dhidi ya watu waliobadilishwa wote 11, hiyo si habari. Rio Ngumoha aliifungia Liverpool goli la ushindi dakika ya 100 kule Newcastle mwezi Agosti 2025 akiwa na miaka 16. Max Dowman alichezeshwa na Arsenal dhidi ya Leeds siku mbili kabla ya hapo akiwa na miaka 15, akasababisha penati. Vipaji vya ajabu vyote viwili. Lakini katika orodha ya FPL, kijana wa umri huo kwenye klabu inayowania ubingwa ana dakika kumi hapa, kumi na tano pale, na nimekwisha kueleza dakika kumi zinafanya nini kwa benchi lako.

Kijana mpitishe kwenye maswali kwa mpangilio. Nani aliye mbele yake, na huyo ameumia, ameuzwa, au yupo mzima? Kama yupo mzima, mweke kwenye orodha ya kutazama na usimnunue. Akianza mechi mbili za ligi mfululizo, uliza la pili: anapewa kazi gani? Mfano bora ni Cole Palmer. Alihamia Chelsea mwanzoni mwa Septemba 2023, bei 5.0, na wiki za kwanza hakuwa na namba ya kudumu. Tarehe 7 Oktoba, kule Burnley, alikabidhiwa penati na akafunga. Hiyo ndiyo ilikuwa kengele: timu ya mashambulizi, anaanza, na mpira wa penati ni wake. Akamaliza na magoli 22, tisa kati ya hayo yakiwa penati, na pointi 244. Aliyesubiri hadi wiki ile alikosa pointi chache sana za mwanzo na akazipata karibu zote zilizobaki. Kusubiri hakukumgharimu, na ndivyo ilivyo kwa vijana wengi wanaokuja kuwa kweli.

Waliosajiliwa kutoka ligi nyingine wana swali lao la tatu: magoli yao yalifungwa wapi? Kiangazi cha 2022 waliingia wawili kwa pamoja. Haaland alitoka na magoli 22 ya Bundesliga, akafunga 36. Darwin Núñez alitoka na 26 ya ligi ya Ureno, akafunga 9. Idadi ya magoli huko walikotoka ingekupangia kinyume kabisa. Mimi hupunguza karibu theluthi ya makadirio kwa wanaotoka Ureno, Uholanzi au Championship (daraja la pili la England), na kiasi kidogo zaidi kwa wanaotoka Ujerumani, Hispania na Italia. Ni kanuni ya kidole gumba, si sheria. Hiyo hiyo itumie kwa mfungaji bora wa timu iliyopanda daraja: timu zote tatu zilizopanda zilishuka msimu wa 2023/24, na tatu nyingine zikashuka 2024/25. Katika timu hizo, anayestahili kutazamwa kwanza ni kipa wa bei ya chini kwa ajili ya wingi wa mashuti anayookoa, na beki wa 4.0 mwenye namba. Mshambuliaji asubiri.

Jibu la moja kwa moja basi: kijana wa 4.5 awe kiungo wako wa tano, wa mwisho benchi, kama nafasi hiyo ungeijaza na mtu asiyecheza kabisa. Usimweke katika 11 wa kwanza. Na usimuuze mtu anayecheza ili umkimbilie kwa hofu ya bei kupanda. Bei hupanda 0.1 kwa mara, na ukiuza unapewa nusu tu ya faida, ikishushwa chini: ukinunua kwa 6.0 akafika 6.3, unauza kwa 6.1. Uhamisho wa ziada, kwa upande mwingine, unakukata pointi 4 papo hapo. Wanaotumia pointi 4 kufukuza laki moja ndio wanaomaliza wa 11, samahani kwa kusema hivyo.

Kwa ligi ya watu 14 kuna faida ambayo wanaoshindana na mamilioni hawana: muda wa mwisho ukipita, unaviona vikosi vya wenzako wote. Ukiongoza, usikose mchezaji ambaye watatu wanaokufuata wanaye. Ukiwa nyuma kwa pointi 60 mwezi Februari, kuwa na kikosi kama chao hakukusaidii, tafuta nahodha tofauti walau mara moja kwa wiki tatu. Mkiamua kuhamia FPL Draft, ambako mchezaji mmoja humilikiwa na mtu mmoja tu katika ligi, bei zinafutika na hesabu nzima inageuka, kwa sababu mbadala anakuwa yule aliyebaki baada ya watu wote kuchagua.

Kuna mambo ambayo maandishi hayamalizi. Ukishaandika orodha, keti ana kwa ana na mtu anayetazama mechi nzima, siyo magoli tu, umsomee majina 20 ya juu na umwache akupinge. Nusu saa ya namna hiyo hugundua beki aliyepoteza namba kabla takwimu hazijasema. Pesa za ofisini nazo, shilingi 280,000, ziwe na mtunzaji mmoja na kanuni zilizoandikwa kabla ya wiki ya kwanza: nani anapata nini, na sare inaamuliwaje. Na kama ada imeanza kutoka kwenye kodi ya nyumba, au umeanza kukopa ili kubeti kwa wachezaji hao hao uliowapanga, hapo suala si orodha tena. Mwambie mtu wa karibu uso kwa uso na mwone mshauri nasaha hospitalini, mapema.

Mwisho ni saa, kwa sababu kila mwaka ligi za ofisini hupoteza watu wawili watatu kwa hili. Muda wa kufunga kikosi ni dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya wiki, si kabla ya mechi ya timu yako. Mechi ya Jumamosi ya saa 6:30 mchana Uingereza hufungwa saa 7:00 mchana kwetu Agosti hadi mwisho wa Oktoba, na saa 8:00 mchana kuanzia hapo, saa zao zikisharudishwa nyuma, hadi mwisho wa Machi. Wiki ikianza na mechi ya Ijumaa ya saa 2:00 usiku kwao, umefungiwa Ijumaa hiyo hiyo saa 2:30 usiku kwa saa zetu za kiangazi chao, au saa 3:30 wakati wa baridi yao. Weka kengele ya simu saa tatu kabla, kwa sababu habari za majeraha za makocha hutoka siku moja kabla ya mechi na ndizo zitakazokubadilishia nahodha.